Miguu Iko Wapi?

"Mita moja na sentimita sabini na saba," Tamsin alisema, akaipiga meza kwa rula. "Bisha."

Declan Vozzo alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, mkanda wa vifaa vya umeme bado uko kiunoni, pai ya nyama mkononi haijafunguliwa. Akaitazama simu iliyosukumwa mbele yake. Rangi ikamtoka usoni.

"Umeipata wapi hii?"

"Eti nimeipata wapi! Kwenye grupu la klabu, Dec. Mtu kapita mji wa Coonalpyn, kapiga picha yale maghala ya nafaka yaliyochorwa, kaiweka ili tubishane shujaa gani anaweza kuyang'oa. Wenzangu wote wametazama maghala. Mimi nimetazama kona ya chini."

Kwenye kona ile alikuwepo Declan, anacheka. Mkono wake umeinuliwa, na chini ya mkono huo pana bega la mtu aliyevaa koti la mvua la njano. Mwanamke, bila ubishi, maana sketi ilionekana chini ya koti. Ameipa kamera mgongo, kofia ya koti imefunika kichwa. Ukuta mfupi wa duka la mikate umewakata wote wawili magotini.

"Jumanne uliniambia uko kwenye kitongoji cha Elizabeth, unatandaza nyaya kwenye jengo jipya."

Declan akaiweka pai mezani taratibu.

"Nakuuliza, Declan. Ulikuwa Elizabeth?"

"Hapana."

"Haya. Wewe una mita moja na themanini na mbili, najua, nimekupima mwenyewe. Nimekufanya wewe ndiyo kipimo. Kutoka ukutani hadi utosini kwako, kutoka ukutani hadi utosini kwake. Nimepima mara tatu. Sabini na saba, haishuki. Ni mwanamke gani tunayemjua mimi na wewe mwenye mita moja na sabini na saba na koti la mvua la njano?"

"Tam, usifike huko."

"Bronte! Bronte Haddrick, msimamizi wangu wa harusi! Wiki tatu kabla ya harusi!"

Msomaji, usimcheke. Wivu wa mwenzako ni vichekesho, wako ni msiba. Na huyu binti alikuwa na ugonjwa wa kupima, tena ulikuwa ndio ulioleta mapenzi yenyewe.

Wawili hawa walikutana kwenye Klabu ya Rula, pale Port Adelaide, nyuma ya duka la vitabu vya katuni. Watu wazima na akili zao hukutana pale kubishana ni shujaa gani wa kwenye katuni mwenye nguvu kuliko mwenzake. Na hawabishani kwa kupayuka, wanabishana kwa fizikia. Unaleta picha kutoka kitabuni, unaipima kwa rula, unatafuta uzito, kasi, nguvu, halafu wenzako wanakurarua. Ukiraruliwa ukaisha, sheria ni moja tu. Unasimama, unalaza rula yako mezani, unasema "Nakubali." Huongezi neno. Hakuna "lakini" pale.

Siku ya kwanza Tamsin Nitschke alimrarua Declan mpaka watu wakamhurumia. Kijana akasimama, akalaza rula, akasema "Nakubali," kisha akamfuata mlangoni kumwomba namba ya simu. Tamsin alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mwanaume anayeshindwa vizuri namna ile.

Sasa mwanaume huyo huyo alikuwa amesimama jikoni kwake, akilegeza mkanda wa vifaa.

"Si Bronte," alisema mwishowe.

"Basi ni nani?"

"Siwezi kukuambia. Nimeapa. Nivumilie mpaka Jumamosi."

"Jumamosi ni fainali."

"Najua. Mpaka Jumamosi tu, Tam. Niamini."

"Mimi naamini kipimo."

"Basi pima tena."

Loo! Neno gani hilo la kumwambia mwanamke aliyekwisha kupima mara tatu? Tamsin aliivua pete, akaiweka juu ya ile pai.

"Toka."

"Tam..."

"Toka, Declan! Jumamosi tutaonana ukumbini. Nitakushinda, halafu nikishakushinda nitawatangazia wote kwamba harusi hakuna. Waalikwa wetu wote ni wanaklabu, nitawamaliza kwa mkupuo mmoja."

Declan aliichukua pete, akaifuta mafuta kwa ncha ya shati, akaitia mfukoni.

Bronte alipigiwa simu kabla gari la Declan halijatoka uani.

"Shoga, nilikuwa nakuwazia sasa hivi," Bronte aliitika. "Lile gauni langu linabana kifuani, sijui..."

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Jumanne? Nilikuwa kule Victor Harbor, kwa dada. Kuna nini?"

"Na koti lako la njano?"

"Nililivaa, mvua ilikuwa inamwagika. Tam, mbona unanihoji kama askari?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, Bronte. Nilikuwa nasikia tu, sasa nimeona. Gauni usilipeleke kwa fundi. Halina kazi tena."

"Unasema nini wewe? Tamsin! Halo?"

Tamsin alikata. Akawafungia namba wote wawili, akakaa chini sakafuni akalia mpaka kwikwi zikamshika. Alilia kwa mambo mengi. Kwenye mpango wa viti vya harusi, upande wa bibi harusi, kiti cha mbele kilikuwa kitupu tangu mwanzo. Baba yake alikufa. Mama yake, Glenys, aliolewa tena na Colin mwaka haujaisha, na siku ya ndoa ile Tamsin alimwambia mama mbele ya watu, "Udongo wa kaburi la baba haujakauka, umeshamsahau." Tangu hapo, miaka minne, hakuna simu wala kadi. Kwa hiyo alikuwa na watu wawili tu duniani, mchumba na shoga. Na sasa kipimo kilikuwa kimemnyang'anya wote.

Kesho yake akiwa dukani, anapopima watu miwani, simu iliita kwa namba ya Lorraine Petrakis. Huyu ndiye mwenyekiti wa klabu, mwalimu mstaafu wa fizikia, mama wa sauti nzito asiyependa maneno mengi.

"Declan ananiomba nikufikishie ujumbe. Anasema umemfungia."

"Sitaki ujumbe wake."

"Hata mimi sitaki kuwa tarishi. Ni maneno mawili tu. 'Pima tena.'"

"Mwambie ameshaniambia. Na wewe Lorraine, Jumamosi baada ya fainali nina tangazo. Nitengee dakika moja."

"Tangazo la heri?"

"La kweli."

"Hasira, hasara, mwanangu," Lorraine akasema, akakata simu.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mvua ya Agosti ilikuwa inapiga bati. Harufu ya pai na sosi ya nyanya imetanda, makoti yenye maji yamening'inizwa kila mahali. Ukutani ilining'inia Rula Kuu, ya mbao, urefu wa yadi, imechongwa majina ya mabingwa. Jina la Tamsin lilikuwemo mara mbili. La Declan halikuwemo. Alikuwa ameitamani rula ile miaka sita, na kila mwanaklabu alijua hilo.

Bronte alikuwa kwenye meza ya mtunza saa, macho yamevimba. Tamsin akapita mbele yake bila kumtazama.

"Hunisalimii hata?" Bronte aliuliza chinichini.

"Tunza saa yako."

Lorraine aligonga meza. "Fainali! Tamsin anamtetea Binti Umeme. Declan anamtetea Bwana Tani. Nani ana nguvu zaidi? Tamsin, anza."

Akaanza. Ukutani pakamulikwa picha ya Binti Umeme amekita mgongo wake mbele ya treni ya mizigo. Sauti ya Tamsin ilikuwa kavu.

"Mabehewa yanahesabika, uzito wa behewa tunaujua. Tani elfu tatu. Kasi yake mita ishirini kwa sekunde, imeandikwa kitabuni. Kaisimamisha ndani ya mita mia moja, nguzo za reli zinaonekana zote, mpaka chini. Nguvu aliyotumia ni sawa na kunyanyua tani mia sita. Nimemaliza."

Makofi yakapigwa. Declan akasimama, akabonyeza, picha yake ikamulikwa ukutani. Lorraine akavua miwani.

"Declan, ushahidi ulioandikisha ni ile picha ya daraja. Huu siyo."

"Nimebadilisha."

Ukumbi ukaguna. Daraja lile alikuwa amelihangaikia tangu Krismasi, na waliowahi kuliona walisema halina tundu hata moja la kupitisha sindano. Hata Tamsin alishangaa, maana yeye ndiye aliyekuwa akimshikia karatasi usiku na mchana akilipima.

"Sheria inaruhusu?" Declan aliuliza.

"Inaruhusu kabla hujaanza. Lakini mwanangu, una hakika?"

"Nina hakika."

Picha mpya ililionyesha Jitu la Chumvi, adui wa Bwana Tani, limesimama na mnara wa kanisa. Kichwa cha jitu kimelingana sawasawa na msalaba wa juu. Chini kumejaa vumbi. Kwenye picha iliyofuata, Bwana Tani amelibeba jitu lile kwa mkono mmoja.

"Mnara una mita sitini," Declan alisema. "Jitu limelingana nao, basi nalo lina sitini. Mtu wa mita mbili ana kilo mia. Jitu ni refu mara thelathini, na kwa kuwa linapanuka na kunenepa vilevile, uzito ni thelathini mara thelathini mara thelathini. Tani elfu mbili na mia saba. Binti Umeme mia sita. Sina zaidi."

Akakaa. Hakuitazama picha yake hata kidogo. Alikuwa anamtazama Tamsin.

Tamsin alisimama kama aliyeitwa na njaa. Kosa lilikuwa wazi mno. Hata mgeni wa juzi asingelifanya.

"Miguu iko wapi?" akauliza.

Ukumbi mzima ukapiga sakafu kwa miguu, du, du, du. Hilo lilikuwa neno lake. Yeye ndiye aliyewafundisha, na kila akilitamka watu hupiga miguu.

"Nauliza, miguu ya jitu iko wapi? Mimi naona vumbi. Limekatwa magotini! Nani kakuambia limesimama pembeni ya mnara? Huenda liko mbele ya mnara, karibu na sisi, kwa umbali wa mtaa mzima! Kilicho karibu kinaonekana kikubwa, hata mtoto anajua. Weka kidole mbele ya jicho lako, kitaziba nyumba!"

Du, du, du!

"Likiwa karibu, huenda urefu wake ni nusu tu ya huo. Na urefu ukiwa nusu, uzito haupungui nusu, unapungua mara nane! Elfu mbili na mia saba inakuwa mia tatu na kitu. Umeshindwa. Declan, umechukua kilicho nyuma ukakifanya kipimo cha kilicho mbele! Tena tazameni, huu mkono wa msalaba unaonekana kama umelala begani kwa jitu. Haujagusa chochote! Uko nyuma kabisa, ni macho yetu tu yanayo... yanayoulaza begani..."

Akaingiza mkono mfukoni.

Watu walisubiri amalizie. Mvua ikaendelea kupiga bati. Mtu mmoja kwenye dirisha akakohoa.

"Tamsin?" Lorraine aliita. "Umemaliza?"

Tamsin alikuwa ametoa simu mfukoni. Akaifungua ile picha ya Coonalpyn, akaitazama kwa muda, kisha akamtazama Declan.

Declan alikwisha kusimama. Alilaza rula yake mezani kwa utaratibu, kama anayelaza mtoto.

"Nakubali," akasema.

Watu walishangilia, lakini Tamsin hakusikia shangwe. Alishuka jukwaani akaenda mpaka mezani kwa Declan.

"Ulisimama wapi?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye gari. Nilikuwa nanyanyua mlango wa buti."

"Na yeye?"

"Mbele, karibu na aliyepiga picha. Hatukuwa hata karibu."

"Mkono..."

"Ulikuwa kwenye mlango wa buti, Tam."

"Kwa hiyo si mrefu."

"Ni kafupi. Kafupi mno."

Machozi yakamlenga. "Ulijua nilipokosea. Tangu siku ile jikoni."

"Nilijua. Ningekuambia ungenisikia? Ulikuwa umeshika rula kama panga. Nikaona bora nikuletee kosa lako mwenyewe, ulirarue kwa mkono wako. Mtu pekee usiyembishia ni Tamsin."

"Na daraja? Ungeshinda, Dec! Daraja lile nisingeliweza!"

"Najua."

"Miaka sita unaitamani rula ile."

"Ni ubao tu," Declan alisema. "Wewe si ubao."

"Lakini habari ya kuwa Elizabeth ulinidanganya."

"Hilo nalo nakubali. Nilikosea. Hilo ni langu, na sina 'lakini.'"

Bronte alikuwa ameiacha saa yake, amesogea anasikiliza bila aibu. Tamsin akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Ni nani, Declan?"

Declan aligeuza uso kuelekea mlangoni, na Tamsin akafuata macho yake.

Nyuma kabisa, kati ya makoti yanayochuruzika, alisimama mama mmoja mdogo wa umbo ndani ya koti la njano lililomzidi. Mikono ya koti imemfunika vidole. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango, kama mtu ambaye bado hajaamua kuingia au kutoka.

"Aliniapisha," Declan alisema haraka. "Alisema nikikuambia utakataa kabla hajafika, na hatapata tena moyo wa kuja. Nimekwenda Coonalpyn, anakoishi siku hizi, mara nne kumbembeleza. Jumanne alikubali kuja leo, akuone tu kwa mbali ukibishana, halafu aamue. Hata asubuhi hii sikujua kama..."

Tamsin alikuwa ameshaondoka. Watu walimpisha. Kila hatua aliyosogea, yule mama alizidi kuwa mfupi. Na alipofika mbele yake aliliona vizuri lile koti. Mfuko wa kushoto ulishonwa kwa uzi wa kijani, mishono mikubwa mibaya, kazi ya mwanaume asiyejua sindano. Baba yake alikuwa ameushona mwenyewe jikoni, anatukana uzi, na wao wawili wanamcheka.

"Mama. Hilo ni koti la baba."

"Mvua ikinyesha nalivaa," Glenys alijibu. "Colin analijua ni la nani. Hajawahi kusema neno."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Tamsin alifungua mdomo. Alitaka kueleza kwamba yote yalitokea haraka mno, kwamba msiba ulimchanganya, kwamba hata mama naye angeweza kupiga simu. Yote hayo yalikuwa ya kweli, na yote yalianza na "lakini." Mkononi bado alikuwa ameshika rula yake. Hapakuwa na meza karibu, kwa hiyo akainama akailaza sakafuni, kwenye maji, miguuni pa mama yake. Viatu vya Glenys vilikuwa na matope ya shambani. Ilikuwa miguu midogo sana.

"Nakubali," akasema.

Glenys hakuijua sheria ya klabu, akadhani kuna jambo la kujibu. "Unakubali nini, mwanangu?"

"Kila kitu. Nilikukosea, mama."

Mama akauachia mlango. Walikumbatiana, na utosi wa Glenys ukamfika Tamsin kidevuni, palepale ulipokuwa ukimfika zamani. Wote wawili walilia kwa sauti bila kujali watu. Baadhi ya wanaklabu walilia pamoja nao ingawa hawakujua kisa, wengine wakajifanya wanatafuta sosi.

"Samahani," sauti ikasema nyuma yao. Ni Bronte, mikono kiunoni. "Na mimi je? Mimi niliyeambiwa kikulacho sijui ki wapi?"

"Nakubali, Bronte. Nisamehe."

"Sijasikia."

"Nakubali!"

"Wa madirishani wamesikia? Haya. Nimekusamehe, lakini gauni linabana, na fundi utanipeleka wewe."

Lorraine aligonga meza mpaka vikombe vikaruka. "Jamani, utaratibu! Tamsin Nitschke ni bingwa, Rula Kuu ni yake. Na aliniomba dakika moja, ana tangazo. Tamsin, tangazo bado lipo?"

Declan akatazama chini. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika kitu kidogo.

Tamsin alimshika mama yake mkono, akarudi naye mbele, maji ya koti yakidondoka nyuma yao. Akasimama karibu kabisa na Declan, bega kwa bega, miguu ya wote watatu inaonekana.

"Lipo," alisema. "Harusi ni Jumamosi, wiki mbili kutoka leo, kama mlivyoalikwa. Msichelewe."

Akamnyooshea Declan kidole cha pete. Akamgeukia tena Lorraine, aliyekuwa ndiye mpangaji wa viti vya harusi.

"Na kile kiti cha mbele upande wangu, kile kitupu. Kiandike jina la Glenys. Halafu ongeza kingine pembeni yake," akamtazama mama yake, "cha Colin."